Kipimo cha Hasira

Swali la kwanza tu lilimtoa Husna jasho. Aliwasomea watoto wa darasa la sita kwa sauti, polepole, kama alivyofundishwa Mombasa: "Ninashindwa kuzielewa hisia zangu." Kisha akanyamaza ili kila mmoja achague jibu lake, kuanzia "hata kidogo" hadi "karibu kila mara." Hakuna aliyeigusa kalamu. Msichana wa safu ya mbele akainua mkono, akauliza kwa adabu hisia ni kitu gani.

Husna akaeleza kuwa ni yale mambo mtu anayoyasikia moyoni. Msichana akaitikia kwa kichwa, akainama, akaandika. Wenzake wakachungulia alichoandika nao wakaandika hichohicho.

Walipofika kwenye swali lililosema "Ninapokasirika ninapoteza udhibiti," darasa zima lilitulia. Mtoto mmoja wa nyuma akataka kujua kama huo udhibiti ni ule wa askari, maana mwaka uliopita askari walipokuja kijijini kwao walisema wamekuja kudhibiti hali. Husna akasema hapana, si wa askari. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka, na watoto wengi walijibu "hata kidogo" upesi upesi. Hakuna aliyetaka kuonekana amepoteza kitu cha askari.

Ilikuwa Mei, mwaka wa tisini na nane. Agosti iliyotangulia vita vilizuka Likoni, vikateremka na barabara hadi Diani na Ukunda. Watu wa bara walichomewa nyumba na maduka, wengine wakauawa, wengi wakakimbia. Baadaye askari wakaingia vijijini, wakazoa wanaume wa Kidigo, wenyeji wa pwani hiyo, mwenye hatia na asiye na hatia. Kisha mvua kubwa ikaja ikang'oa madaraja, kana kwamba hayo mengine hayakutosha. Shule hii, iliyokuwa kando ya barabara ya Msambweni, ilikuwa na watoto wa pande zote mbili, na walikaa dawati moja.

Husna binti Chande alikuwa mwalimu kwao Msambweni. Baada ya vita aliona watoto wake wakipigana kwa ajili ya kifutio mpaka damu ikatoka, na wengine wakilia bila ya kuguswa na mtu. Hakujua awafanyie nini. Kwa hiyo aliposikia kuna mradi Mombasa unaotafuta walimu wa kupima ni watoto gani wanashindwa kuzituliza nafsi zao, ili wasaidiwe, aliomba ruhusa ya mwaka mmoja akajiunga. Aliamini kazi ile. Mtu hutibiwa baada ya kupimwa, ndivyo alivyojiambia, na moyo nao ni kiungo kama viungo vingine.

Jioni ile alikwenda kwenye kibanda cha simu Ukunda akampigia mkuu wake, Daktari Musyoki, aliyekuwa mtaalamu wa mambo ya watoto. Alimweleza kuwa maswali hayaeleweki, akaomba ruhusa ya kuyaweka katika Kiswahili ambacho watoto wanakisema: donge la roho, kununa, kuzira, moyo kwenda mbio. Daktari Musyoki hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema maswali yametafsiriwa na watu wa chuo kikuu na yanatumika katika wilaya nyingine pia. Yakibadilishwa katika wilaya hii ya Kwale, majibu ya Kwale hayatalingana na ya kwingine.

"Ukibadilisha kibaba, Husna, utapimaje unga?"

"Unga hauogopi kibaba, Daktari."

Daktari alicheka, akasema hilo ni jibu zuri, na maswali yakabaki vilevile.

Katika darasa lile la sita walikuwamo wasichana wawili waliokaa dawati moja karibu na dirisha. Mmoja alikuwa Jumwa, Mdigo, binti Salimu, mwembamba, mwenye sauti ya kusikika hata akinong'ona. Wa pili alikuwa Wayua, Mkamba kutoka bara, mkubwa kidogo kwa umri, ambaye daftari zake zilikuwa safi kuliko za darasa zima. Familia ya Wayua ilikuwa na duka la nguo Ukunda. Duka lilichomwa usiku wa vita, na kaka yake Muthoka alikuwa ndani. Baba yao alirudi Kitui kwenda kuzika, akakaa hukohuko. Mama yao, Syombua, alibaki na watoto akauza mboga sokoni.

Kwa kuwa darasani walikuwa wamenakiliana, Husna aliwaita wajibu upya mmoja mmoja. Jumwa alisoma kila swali kama mtu anayesoma mkataba. Lile la kupoteza udhibiti alilisoma mara mbili.

"Mwalimu, wanataka la shuleni au la nyumbani?"

"Kote, mwanangu."

"Basi karibu kila mara," akasema, kama mtu anayetaja ukubwa wa kiatu chake, na akatia alama.

Alipomaliza hakuondoka. Alitaka kujua ni nani atakayeyasoma majibu yale. Husna akamwambia kuwa yatakwenda Mombasa, hakuna mtu wa shule hii atakayeyaona, na hakuna wa kumsuta kwa alichokiandika. Hapo Jumwa akaketi tena, akamweleza mambo ambayo hayakuulizwa kwenye karatasi. Baba yake alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani. Alichukuliwa na askari, na aliporudi mkono wake wa kulia haukuinuka tena zaidi ya kifua. Kazi ikaisha. Watu wakija kumjulia hali anasema alhamdulillahi, hatujambo. Wakiondoka anageukia ukuta na hasemi na mtu.

"Yeye anashukuru," alisema Jumwa, "na mimi ndiye ninayevunja vitu."

Alikwisha vunja sahani, na kioo cha mamake. Shuleni alimpiga mwenzake rula ya jicho kwa sababu mwenzake huyo alimwigiza Salimu anavyobeba mkono. Alipokuwa akisema haya hakulia wala hakuona haya. Husna alimsikiliza akawa na furaha ya ajabu, furaha ya mtu aliyechimba kisima kwa muda mrefu akaona udongo unaanza kuloa. Kumbe wapo wanaoweza kusema.

Wayua, kwa upande wake, alijibu "hata kidogo" kila mahali. Alitia alama zake kwa mstari ulionyooka, akasema ahsante mwalimu, akatoka. Husna alizitazama alama zile kwa muda. Asubuhi ya siku hiyohiyo upepo ulikuwa umeubamiza mlango wa bati wa stoo, na darasa zima likaruka. Wayua hakugeuka. Kalamu yake ya risasi ilivunjika ncha, naye akaendelea kuandika kwa mti mtupu, mstari baada ya mstari usioonekana, mpaka Jumwa alipomshika mkono akampa kalamu yake.

Matokeo yalipojumlishwa, Jumwa alikuwa na alama za juu kuliko mtoto yeyote wa shule ile. Wayua alikuwa wa chini kabisa. Kwa kipimo cha mradi, hakuwa na tatizo lolote duniani. Husna aliandika maelezo pembeni kuhusu ile kalamu. Daktari Musyoki alipozuru Ukunda, alimwambia karatasi haina mahali pa maelezo na kompyuta haiyasomi.

"Lakini mtoto huyu hayuko sawa, Daktari. Nimemwona."

"Mwenyewe amesema yuko sawa. Sisi tumekuja kuwasikiliza watoto. Sasa huyu amesema, na wewe unamkatalia?"

Hilo lilimkera Husna. Alihisi Daktari amesema neno la haki mahali pasipo pake.

Mwezi uliofuata Husna alikuwa akipima shule za upande wa Msambweni. Aliporudi shule ile kumalizia watoto waliokuwa wagonjwa, aliona Wayua amekaa peke yake kwenye dawati la dirishani. Akamuuliza Jumwa yuko wapi. Wayua alisema yuko nyumbani, kwa sauti ileile ya kusema ahsante mwalimu.

Mwalimu mkuu, Dzombo, alimkaribisha Husna ofisini kwa heshima, akaagiza chai. Kwa maelezo yake, ofisi ya Mombasa ilimletea majina ya watoto wenye alama za juu ili walimu wawape msaada. Jina la Jumwa lilikuwa la kwanza. Juma lilelile kioo cha dirisha la ofisi ya walimu kikavunjwa, hakuna aliyejua na nani, na kamati ya shule ikauliza kwa nini mtoto ambaye hata wataalamu wamesema hawezi kujizuia anaachwa kukaa na watoto wa watu. Dzombo akamwita Salimu, wakazungumza vizuri. Walikubaliana binti akae nyumbani mpaka atulie.

"Majina yaliletwa ili wasaidiwe, mwalimu," alisema Husna.

"Nimsaidie na nini? Mmeniletea jina, hamkuniletea dawa." Dzombo alisema bila ya ukali. "Mwaka jana nilizika mwalimu wangu mmoja. Vijana waliomuua walisoma hapa. Nilikuwa nikiwaona wana hasira nikasema watakua, yatapita. Sasa sitangoja tena."

Husna alimwambia kuwa Jumwa hakuvunja kioo kile. Dzombo akakubali kuwa huenda si yeye. Husna akamwambia kuwa wapo watoto walioumia zaidi kuliko yeye ila hawasemi. Dzombo akamwomba majina yao, na Husna akakataa kuyataja, kwa sababu alikwisha ona jina linafanya kazi gani likitoka kinywani.

Kwa kina Jumwa alimkuta msichana amekaa barazani akishona makuti. Salimu aliinuka kumlaki mgeni, akampa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa hilo. Alisema mwalimu asijali, hawajambo, alhamdulillahi, mtoto anapumzika kidogo na anamsaidia mamake. Jumwa hakuamkia. Baba yake alimkumbusha, naye akasema shikamoo huku macho yake yako kwenye makuti.

Husna alikaa naye chini. Alianza kumweleza kuhusu ofisi ya Mombasa, kwamba yeye hakupeleka jina lake kwa mwalimu mkuu, kwamba waliofanya hivyo walikuwa na nia njema.

"Ulisema hakuna wa kunisuta," alisema Jumwa.

"Nilisema, mwanangu."

"Wayua aliniambia niandike kama yeye. Nikamwambia, huyu mwalimu ni mtu mzuri."

Salimu akaingilia kati kwa upole, akamwambia bintiye kuwa mgeni hajibiwi hivyo, na kwamba kila jambo ni majaliwa. Jumwa akaliweka kuti chini, akasimama, akaenda nyuma ya nyumba. Wakasikia kitu cha udongo kikipasuka. Salimu akatabasamu kwa aibu, akamuuliza Husna kama barabara ya Msambweni imekwisha kutengenezwa.

Kesho yake Husna alivuka kivuko kwenda Mombasa. Alimkuta Daktari Musyoki amezungukwa na mafaili, macho mekundu, kwani wafadhili walitaka ripoti ya kwanza kabla ya mwisho wa Julai. Alipopata habari alikunja uso, akakiri kuwa majina hayakupasa kupelekwa bila ya mtu wa kuyafuata. Alisema atazungumza na mwalimu mkuu. Lakini simu ya shule ilikuwa imekufa tangu mvua, na safari ya Ukunda ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena. Kila Husna alipopiga simu aliambiwa Daktari yuko mkutanoni. Akawa anatoka kwenye kile kibanda akiwa na maneno yote aliyokuwa ameyapanga, mazima, hayana pa kwenda.

Alimrudia Dzombo mara kadhaa. Siku moja alikuwa amekaa ofisini kwake akirudia yaleyale, na Dzombo akimjibu yaleyale, waliposikia makelele kutoka shambani. Lilikuwa somo la kilimo. Mwalimu alikuwa amewaambia watoto wakusanye magugu makavu, kisha akayatia moto, kama ilivyofanywa kila mwaka.

Walipofika, watoto walikuwa wamesimama mbali, na Wayua alikuwa amepiga magoti mbele ya lile rundo linalowaka. Alikuwa akiuzima moto kwa viganja. Alipiga, akachota cheche, akapiga tena, bila ya kutoa sauti, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayefua nguo. Mwalimu wa kilimo alimvuta akashindwa. Ilibidi Dzombo mwenyewe amkumbatie kwa nyuma amnyanyue, na hata alipokuwa juu mikono yake iliendelea kupiga hewa.

Husna alimpeleka hospitalini kwa gari la mzazi mmoja. Muuguzi alipokuwa akimsafisha yale malengelenge alimuuliza kama anaumia sana, Wayua akasema haumii. Muuguzi akamsifu, akasema hajapata kuona mtoto jasiri namna hii, wengine wangekuwa wamekwisha bomoa jengo kwa kelele. Husna alitoka nje akasimama uani. Alitaka kumpiga mtu, na hakumwona wa kumpiga.

Syombua alikuja akikimbia kutoka sokoni, kanga begani, mikono ina harufu ya sukumawiki. Baada ya kumwona mwanawe alikuja kukaa na Husna kwenye benchi. Alizungumza Kiswahili cha bara, kifupi kifupi. Alisema tangu siku ile ya duka Wayua hajalia hata mara moja. Analala na viatu miguuni. Ndugu yake mdogo akianguka akaumia, yeye anacheka, kisha anakwenda kufagia.

"Mimi nilisema ni Mungu amempa nguvu," alisema Syombua. "Kila mtu aliniambia nina bahati, mtoto hasumbui. Na nyinyi mlimpima."

"Tulimpima," alisema Husna.

"Mkaona nini?"

"Hatukuona kitu, mama."

Syombua hakumlaumu. Alisema tu kuwa Wayua ameuliza Jumwa yuko wapi, na hajauliza kitu kingine tangu alazwe.

Husna alikwenda kumchukua Jumwa siku ileile. Salimu alikuwa na wasiwasi kama mwalimu mkuu atapenda, lakini Jumwa hakungoja baba yake amalize kufikiri. Alivaa baibui lake, akatangulia njiani. Kabla hawajaingia wodini alimgeukia Husna.

"Sikuja kwa ajili yako."

"Najua."

Wayua alikuwa amelala chali, mikono yake miwili imefungwa bendeji nyeupe juu ya shuka. Jumwa aliitazama mikono ile. Halafu akaanza kumgombeza kwa sauti ya chini, kwamba yeye ni mjinga, kwamba ameiharibu mikono yenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani, na sasa atafanyaje mtihani.

"Ulikuwa moto wa majani, Wayua. Hapakuwa na mtu ndani."

"Nilimsikia."

"Hukumsikia. Muthoka amekufa. Alikufa mwaka jana, na wewe unajua."

Wayua alimtazama Jumwa kana kwamba ametukanwa. Kisha kidevu kikaanza kumtetemeka, na kilio kilipotoka hakikuwa cha mtoto. Kilikuwa kirefu, kizito, na kilijaa wodi nzima. Jumwa hakumnyamazisha. Alipanda kitandani akamlaza kichwa mapajani, mwenyewe akawa anatazama dirishani, amekasirika, machozi yanamtiririka bila ya kuyafuta.

Wagonjwa wakainua vichwa. Muuguzi akaja mbio kusema kuna watu wamefanyiwa upasuaji wanahitaji utulivu. Husna akasimama mlangoni akaomba amwache. Muuguzi akasisitiza. Husna akashika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza katika mwaka ule akajiona anafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Dzombo alikuja kumtazama mgonjwa siku ya pili, amebeba machungwa. Alipokuwa akiondoka alimwambia Husna kuwa Jumwa arudi shule Jumatatu. Aliongeza kuwa akivunja kitu tena, yeye hatakuwa na la kuiambia kamati. Husna alitaka zaidi ya hapo. Alitaka aseme kuwa amekosa. Lakini Dzombo alikuwa ameshafika langoni, amechoka, begani ana shule nzima, na Husna akamwacha aende.

Muhula wa tatu ulipoanza ulifika wakati wa kupima mara ya pili, ili mradi ujue kama watoto wamepata nafuu. Walimu walikuwa wamepewa semina ya siku mbili kuhusu kuzungumza na watoto, na hiyo ndiyo ikawa dawa. Husna aliingia darasa lilelile na maswali yaleyale. Safari hii hakuna aliyeuliza hisia ni nini. Kalamu zilikimbia. Jumwa alimaliza mbele ya wote, akaja kuiweka karatasi mezani, akamtazama Husna usoni bila ya kupepesa. Alikuwa ameandika "hata kidogo" kila mahali, kwa mstari ulionyooka.

Wayua hakupimwa. Bendeji zilikuwa bado mikononi, na maelekezo ya mradi yalisema mtoto ajiandikie mwenyewe.

Daktari Musyoki alipoyaona matokeo alifurahi sana. Shule ile iliyokuwa na hali mbaya sasa ilikuwa imepata nafuu kuliko zote. Alimwita Husna ofisini, akampa kiti, akamwambia kazi yake imezaa matunda. Mtoto mmoja aliyeongoza kwa alama za juu sasa hana tatizo hata moja, na wafadhili wangependa kusikia habari zake.

"Hajapona, Daktari. Amejifunza."

Musyoki aliweka kalamu chini. "Walipojibu vibaya uliwaamini. Sasa wamejibu vizuri huwaamini. Ni mimi au ni wewe usiyetaka kusikia?"

"Mara ya kwanza walikuwa hawajajua tunafanya nini na majibu yao."

Alimwomba aiondoe shule ile katika ripoti. Musyoki alisema hawezi kuondoa matokeo mazuri bila ya sababu, kama ambavyo asingeondoa mabaya. Husna akamwambia habari za kioo, za makuti, za moto wa magugu, za kilio cha wodini. Musyoki alisikiliza yote, na ilionekana yalimwingia, kwani alivua miwani akajifuta macho. Alisema anamwonea huruma mtoto yule. Alisema pia kuwa hayo ni mambo ya watoto wawili, na yeye ana watoto maelfu. Ripoti ikatoka kama ilivyokuwa. Husna hakuusubiri mwaka uishe. Alirudi Msambweni kufundisha, na kwa majuma mengi alikuwa akijikuta anabishana na Daktari Musyoki kichwani mwake wakati anasahihisha hesabu, na hata humo kichwani hakushinda.

Alibaki na mazoea ya kwenda kumtazama Wayua siku za Jumamosi, amebeba dawa ya kupaka aliyopewa hospitalini ili ngozi isikakamae. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunyooka vizuri. Jumwa ndiye aliyemwandikia madokezo ya darasani, kwa mwandiko wake mbaya, na mara nyingi walikosana kwa sababu hiyo. Kwa Husna, Jumwa alisema shikamoo na hakuongeza neno.

Jumamosi moja ya Novemba Husna alikuwa amekaa nje ya chumba cha Syombua, kiganja cha Wayua kiko mapajani mwake, anakisugua kama alivyoelekezwa. Dawa ilikuwa kali. Wayua alivumilia kidogo, halafu akaunyakua mkono wake kwa nguvu, kopo likaviringika likamwaga mafuta mchangani.

"Sitaki. Inaniuma," alisema. "Kila siku inaniuma, na wewe unasugua tu."

Syombua akatoka ndani amefedheheka. Alimkaripia kwa Kikamba, kisha kwa Kiswahili ili mgeni naye asikie. Alisema mwalimu ametoka mbali, ameacha kazi zake, na malipo yake ni haya. Akamwamuru apige magoti aombe radhi. Wayua akainama, uso ukaanza kutulia ule utulivu ambao Husna aliujua.

"Mwache, mama Wayua," alisema Husna, na sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Tafadhali, nakuomba. Mwache aseme."

Syombua akashangaa, hakujua amekosea wapi. Husna aliokota kopo, akalipangusa mchanga, akamuuliza Wayua panapouma zaidi ni wapi. Msichana alikuwa amenuna, anapumua kwa nguvu. Kisha akanyoosha mkono, akaonyesha.